Barua Iliyochanwa: Msuko wa Filamu ya Vertigo

Scottie anatoka, mlango unafungwa, na kamera haimfuati. Katika Vertigo, filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1958, hakuna uamuzi mzito kuliko huo wa kumwacha shujaa ajiendee zake. Kwa saa moja na nusu hivi tumekuwa mgongoni mwa mtu huyu, mpelelezi anayeogopa vimo. Tumepanda gari lake, tumechungulia naye madukani na makaburini, tumeshtuka aliposhtuka. Sasa tumebaki katika chumba cha Hoteli ya Empire, San Francisco, pamoja na Judy Barton, msichana muuza duka ambaye tumekutana naye dakika chache tu zilizopita. Anageuza kichwa polepole mpaka macho yake yanakaribia kugongana na yetu. Kisha mbinu rejeshi inaturudisha kwenye mnara wa kengele alikoanguka Madeleine, mwanamke ambaye Scottie alimpenda, mnara ambao tulidhani tumemalizana nao, na safari hii tunaonyeshwa kilichokuwa juu.

Juu alikuwapo Gavin Elster, aliyempa Scottie kazi ya kumfuata mkewe Madeleine, ameshikilia mwili wa mwanamke aliyekwisha kufa, amevikwa suti ya kijivu. Huyo ndiye mkewe halisi. Judy, naye katika suti kama hiyo, anafika mbio kutoka ngazini. Elster anautupa mwili chini, kisha anamziba Judy mdomo asipige kelele zaidi. Basi yule Madeleine ambaye Scottie alimfuata, akamwokoa majini, akampenda na akamlilia mpaka akalazwa hospitali ya wagonjwa wa akili, hakuwa mke wa mtu. Alikuwa Judy, amelipwa kuigiza. Kumbukumbu ikiisha, Judy anatoa sanduku la safari, anabadili nia, anakaa mezani na kumwandikia Scottie barua ya kukiri yote. Halafu anaichana. Filamu ina dakika 128. Imebaki kama nusu saa, na fumbo limekwisha.

Riwaya ambayo filamu imetokana nayo haikufanya hivyo. Pierre Boileau na Thomas Narcejac walichapisha D'entre les morts mwaka 1954, wakaiweka Ufaransa wakati wa vita na baada yake, kwanza Paris kisha Marseille. Msomaji wao anashikiliwa gizani pamoja na mhusika mkuu mpaka kurasa za mwisho, mwanamke anapokiri na kunyongwa. Huo ndio utaratibu wa kawaida wa hadithi za upelelezi, na msomaji wa Kiswahili anaujua vizuri kupitia Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960, mtu anakutwa amekufa penye mzimu, minong'ono ya mambo yasiyoonekana inatanda, na kazi ya Bwana Msa ni kutafuta mkono wa binadamu nyuma yake. Ufumbuzi unatunzwa mwishoni. Vertigo nayo ina mzimu wake, Carlotta Valdes, mwanamke wa karne ya 19 anayesemekana kumwingia Madeleine mwilini, na ina mkono wa binadamu nyuma ya mzimu huo. Tofauti ni kwamba ufumbuzi unatolewa wakati mpelelezi mwenyewe bado anajua alichoambiwa tu.

Watu wa karibu na Hitchcock walipinga. Kipande hicho kiliponea chupuchupu: filamu ilipokaribia kuingia kwenye majumba ya sinema kilikatwa, kisha kikarudishwa. Hitchcock mwenyewe alimweleza François Truffaut, katika mazungumzo yao ya mwaka 1962, kwa nini alikitaka. Hoja yake ilikuwa ileile aliyoishika maisha yake yote, kwamba mshtuko ni wa sekunde chache lakini taharuki hudumu. Mtazamaji asipojua, atashtuka mara moja mwishoni. Akijua, atakaa nusu saa nzima akijiuliza Scottie atafanya nini siku atakapogundua.

Hoja hiyo ni ya kweli, ila inaeleza sehemu ndogo. Taharuki ya aina hiyo Hitchcock angeweza kuipata kwa mstari mmoja wa mazungumzo, kwa kidokezo, kwa kitu kilichosahauliwa mezani. Hakuhitaji kumpa Judy chumba kizima, kumbukumbu yake, sauti yake na kalamu. Kilichofanyika pale ni kuhamisha umiliki wa jicho. Hadithi iliyokuwa ya Scottie inapata mwenyewe wa pili, na kuanzia hapo kila onyesho lina watazamaji wawili ndani yake, mmoja anayejua na mmoja asiyejua, nasi tumewekwa upande wa anayejua. Kuona uzito wa uhamisho huo kunahitaji kurudi mwanzo, kwa sababu nusu ya kwanza imejengwa ili uhamisho huo uume.

Filamu inaanza na Scottie akining'inia. Mwizi anakimbia juu ya mapaa, polisi mwenye sare anamfuata, Scottie anateleza na kushika mfereji wa maji ukingoni mwa paa. Polisi anarudi kumpa mkono, anaanguka na kufa. Tunamwacha Scottie pale, vidole vimeng'ang'ania bati linalopinda, na onyesho linalofuata anapiga soga nyumbani kwa rafiki yake Midge. Aliokolewaje? Filamu haisemi neno. Wapo waliosema kwamba kila kinachofuata ni ndoto ya mtu anayekaribia kuanguka. Sihitaji kwenda mbali hivyo. Yatosha kuona kwamba filamu imetufundisha kanuni yake mapema, kwamba itaruka sehemu ambayo hadithi nyingine zingeisimulia kwa juhudi kubwa, nasi tutakubali, maana tumebanwa na hofu ya mtu mmoja kiasi cha kusahau kuuliza.

Halafu anakuja Elster na kazi yake. Ni rafiki wa zamani wa shule, sasa anaendesha kiwanda cha meli cha ukoo wa mkewe. Ofisi yake ina sehemu iliyoinuka, na wakati akisimulia habari za mkewe anayeingiwa na wafu, Elster anapanda juu ya sehemu hiyo huku Scottie akiwa chini, amekaa. Mara ya kwanza tunaona mtu anayetembeatembea akizungumza. Mara ya pili, tukishaijua barua, tunaona jukwaa na mwongozaji wake. Elster ndiye msimulizi halisi wa nusu ya kwanza: ametunga mhusika, amechagua mavazi, amepanga ratiba ya mahali pa kupita, na amechagua mtazamaji ambaye ugonjwa wake wa kuogopa vimo utamzuia asifike tamati. Mpango wote unategemea mtu atakayeshindwa kupanda ngazi.

Katika mgahawa wa Ernie's ndipo Scottie anaonyeshwa bidhaa. Kuta ni nyekundu. Kamera inaanza naye akiwa baa, inarudi nyuma, inavuka ukumbi bila haraka, kisha inaelekea kwa mwanamke aliyetupa mgongo, amevaa gauni jeusi na mtandio wa kijani. Mwendo huo si wa macho ya Scottie, kwani amekaa palepale. Mwanamke anapopita karibu naye na kusimama, tunapewa uso wake kwa upande, kwa karibu sana, na wekundu wa ukuta nyuma yake unazidi kung'aa. Lakini angalia Scottie: wakati huohuo amegeuka pembeni asije akagunduliwa. Picha tunayoiona sisi, ile itakayomtesa filamu nzima, yeye hakuiona kama tulivyoiona. Hitchcock ametupa sisi kwanza, kisha akatufanya tuamini kwamba ni yeye aliyepewa. Tangu dakika ile sisi na Scottie tumeuziwa mbuzi kwenye gunia pamoja, na tofauti ni kwamba sisi tulisogezewa gunia karibu zaidi.

Baada ya hapo tunaingia katika ufuatiliaji, sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ambayo ningependa kila mwongozaji kijana aitazame sauti ikiwa imezimwa. Kwa dakika nyingi karibu hakuna mazungumzo. Jaguar ya kijani inateremka mitaa ya San Francisco, gari la Scottie nyuma yake. Duka la maua, kupitia mlango wa nyuma, Scottie akichungulia kwenye ufa. Makaburi ya Mission Dolores, jiwe lenye jina la Carlotta. Jumba la sanaa la Legion of Honor, Madeleine ameketi mbele ya picha ya Carlotta. Muundo wa kila kituo ni uleule: Scottie anatazama, tunaona anachotazama, tunarudi kwenye uso wake. Muziki wa Bernard Herrmann unazunguka mahali pamoja bila kutua. Katika jumba la sanaa kamera inasogea kutoka shada la maua lililo kando ya Madeleine hadi shada lililo mkononi mwa Carlotta, kisha kutoka nywele zilizofungwa kisogoni kwa mzunguko hadi nywele za pichani zilizofungwa vivyo hivyo. Hakuna aliyesema kwamba hawa wawili ni mmoja. Scottie amejisemea mwenyewe, nasi tumejisemea. Hakuna uongo unaoshika kama ule ambao mdanganywa ameumalizia mwenyewe, na mhariri George Tomasini ametuachia nafasi kati ya shoti na shoti ili tuumalizie.

Nimesema tuko mgongoni mwa Scottie katika nusu hiyo yote. Si kweli kabisa, na pale ambapo si kweli ndipo Hitchcock anapoandaa barua. Zipo mara chache ambapo kamera inamwacha Scottie kabla ya Judy, na ukizipitia utakuta karibu zote zimeangukia kwa Midge. Midge ni mchoraji wa matangazo ya nguo, msichana mwenye miwani na akili nyepesi, aliyewahi kuwa mchumba wa Scottie kwa majuma machache na bado anampenda. Anakaa garini nje ya nyumba ya Scottie usiku na kumwona Madeleine akitoka. Anajichora katika vazi la Carlotta, kichwa chake mwenyewe chenye miwani juu ya shingo ya marehemu, akidhani ni utani. Scottie anaitazama picha hiyo, hacheki, anaondoka. Mlango unafungwa. Kamera inabaki na Midge akijikasirikia, akijivuta nywele, akiivuruga picha kwa brashi. Baadaye, baada ya kuongea na daktari, anatembea peke yake kwenye ukumbi mrefu wa hospitali, mwanga ukififia, na hatumwoni tena katika filamu.

Mwanaume ametoka, mwanamke amebaki, kamera imebaki naye: umbo la onyesho la Midge na picha yake ndilo umbo la onyesho la Judy na barua yake. Midge hayumo katika riwaya ya Boileau na Narcejac. Barua nayo haimo. Muswada ulipita mikononi mwa Alec Coppel kisha Samuel Taylor, na katika kazi hiyo filamu ilipata mambo mawili ambayo kitabu hakikuwa nayo, yaani mwanamke anayejua kwamba hapendwi na mwanamke anayejua kwamba anapendwa kwa jina lisilo lake. Wa kwanza anatuzoesha kukaa chumbani Scottie akishaondoka. Bila mazoezi hayo, kamera kubaki kwa Judy kungeonekana kama hila ya mwandishi aliyekwama. Tunapofika kwake tumekwisha kulijua pigo hilo, ila sasa lina uzito mara kumi.

Sasa barua yenyewe. Barua ina mwandikiwa, naye ni Scottie. Ikichanwa, mwandikiwa wake hataipata kamwe, na msomaji pekee anayebaki ni sisi. Ni ujanja wa kimuundo ambao hadithi ya mdomo ya Judy kwa rafiki, au kumbukumbu peke yake, isingeuleta. Tumesoma barua isiyo yetu. Kuanzia hapo hatuwezi kujitia hatujui. Kila mara Judy akisema uongo baadaye tunakuwa tumeshiriki, kwa kuwa tungeweza, kama filamu ingekuwa na dirisha la kupitishia sauti, kumpigia Scottie kelele. Mashabiki wa taharuki wataita hali hii kinaya cha kidrama, na ni sahihi, lakini kinaya cha kawaida humweka mtazamaji juu ya mhusika. Hiki kinamweka chini pamoja na mwenye hatia.

Barua inasema pia kwamba kulikuwa na kosa moja katika mpango, kwamba Judy alimpenda Scottie kweli. Mstari huo unafanya kazi ya kurudi nyuma. Unatulazimisha kuipitia upya nusu ya kwanza na kujiuliza ni wapi alikuwa akiigiza na wapi alisahau kuigiza. Alipobusu ufukweni, mawimbi yakipiga nyuma yao? Alipokimbilia mnarani na kusema si haki, haikutakiwa iwe hivi? Filamu haijibu, na Kim Novak alicheza maonyesho hayo kwa namna ambayo yanasimama kwa tafsiri zote mbili. Watu wengi humsifu James Stewart, aliyemcheza Scottie, katika filamu hii, naye anastahili. Mzigo mgumu zaidi, kwa maoni yangu, ulikuwa wa Novak, kwa sababu kila ishara yake ya nusu ya kwanza ilibidi iwe na maana mbili kabla mtazamaji hajajua kwamba kuna ya pili.

Kuna shimo katika barua hiyo, na wahakiki wengi hulipita kimya. Madeleine Elster wa kweli hana uso. Ndiye aliyeuawa, ndiye mwenye mali, ndiye ambaye baraza la uchunguzi wa kifo lilikaa kwa ajili yake, na katika filamu nzima anaonekana kwa sekunde chache tu, kama mwili unaorushwa. Hana sentensi hata moja. Anayeombolezwa na Scottie si yeye, na Judy anapojutia, anajutia mapenzi yake kuliko maisha ya mwanamke huyo. Nimewahi kusikia ikisemwa kwamba huo ni udhaifu wa maadili wa filamu. Naona ni matokeo ya msuko wenyewe. Hadithi iliyojengwa kwa kuvisha mwanamke mmoja sura ya mwingine lazima imle wa tatu. Lakini sitadai kwamba Hitchcock aliliona hilo. Hakuna shoti inayoonyesha kwamba alilishughulikia.

Baada ya barua filamu inaanza kujirudia. Maeneo ni yaleyale: Ernie's tena, maua tena, barabara ileile ya kusini yenye miti inayofunika mbingu, mnara uleule. Scottie hajui kwamba anarudia. Anadhani anamfufua mtu. Anamnunulia Judy suti ya kijivu, akiwatuma wauza duka watafute ileile, wakati sisi tumeiona ya asili ikining'inia kabatini kwa Judy, imesukumwa nyuma ya nguo nyingine. Hapo ndipo muundo wa macho mawili unapolipa. Kama fumbo lingekuwa bado limefungwa, tungemtazama Scottie dukani kwa huruma kidogo na kukereka kidogo, tukisubiri jibu. Tukijua, kila kitambaa anachokikataa ni mateso kwa mtu mahususi aliyekaa pembeni, anayeombwa avae tena vazi la kifo alichokishuhudia. Anakubali kwa sababu anadhani akivaa atapendwa. Anakubali kupaka nywele rangi. Anarudi zikiwa zimeachiwa, na Scottie anasema bado: zinatakiwa zifungwe kisogoni.

Anapotoka bafuni mara ya mwisho, mwanga wa kijani wa tangazo la hoteli umejaa chumbani, naye anaonekana kama ukungu kabla hajawa mwili. Wanakumbatiana, kamera inawazunguka, na nyuma yao chumba kinageuka kuwa zizi la magari ya farasi la San Juan Bautista, mahali walipobusiana kabla ya mnara, kisha chumba kinarudi. Ili kupata shoti hiyo waigizaji walisimamishwa juu ya jukwaa linalozunguka, na picha ya nyuma ikatupwa kwenye skrini. Katikati ya busu Scottie anainua kichwa na kuangalia pembeni, kama mtu aliyesikia kitu. Ni nukta ya pekee katika nusu hii ambapo anakaribia kufahamu. Anaipuuza. Mtazamaji asiyejua angefurahi hapo, kwani mwanaume amempata mpenzi wake. Sisi tunaona watu wawili wakimbusu mtu wa tatu asiyekuwepo, na hakuna onyesho la mapenzi katika sinema ya Marekani ya miaka ile ninaloliona kuwa la kikatili kuliko hili.

Kisha kidani. Wanajiandaa kwenda kula Ernie's. Judy amechangamka, anasema anataka nyama ya kuchoma kubwa, na anamwomba Scottie amfungie kidani nyuma ya shingo. Scottie anahangaika na kifungo, anainua macho kwenye kioo, na anakiona: yakuti nyekundu za kidani cha Carlotta. Kamera inasogea kwenye kidani, kisha inarudi nyuma kutoka kwenye kidani kilekile pichani, mpaka tunamwona Madeleine ameketi mbele ya picha ile, nyuma kabisa, kwenye nusu ya kwanza. Wanaotaka hadithi iwe ya mantiki huuliza kwa nini Judy akitunze kitu cha hatari namna hiyo, na kwa nini akivae mbele ya mtu huyo. Scottie mwenyewe atamuuliza kitu cha aina hiyo mnarani. Kimuundo jibu liko wazi. Barua ilichanwa, lakini ujumbe wake haukufa. Umepitia kidani, na safari hii umemfikia mwandikiwa. Judy ameomba kwa mdomo wake afungiwe ushahidi shingoni. Kwa sababu tulisoma barua, tunajua kwamba kulikuwa na mtu aliyetaka kukiri tangu mwanzo akakosa ujasiri, na kwa hiyo kosa hilo linasomeka kama nusu ya nia. Kwa anayeitazama filamu bila barua, lingekuwa uzembe wa mwandishi.

Kwenye mnara wa San Juan Bautista, mnara ambao kwa kweli haupo mahali pale na ulitengenezwa studio, Scottie anapanda huku akimvuta Judy na kumhoji. Hapa anafanya kazi ya mhakiki. Anauliza kama Elster alimfundisha, kama alimfanyisha mazoezi, kama alimwambia nini cha kusema. Anasema Elster alimtengeneza kama yeye alivyomtengeneza, tena kwa ustadi zaidi. Waongozaji wawili, mwigizaji mmoja, na wa pili amegundua kwamba alikuwa akiiga kazi ya wa kwanza. Ile shoti maarufu ya kizunguzungu, ambapo kamera inarudi nyuma huku lenzi ikivuta mbele, ilipigwa kwa ngazi ndogo ya mfano iliyolazwa ubavuni. Inarudi mara chache, mwisho Scottie anafika juu, na hofu yake imekwisha. Na maneno mawili, uhuru na uwezo, ambayo Elster aliyasema ofisini akiisifu San Francisco ya zamani, na muuza vitabu mzee akayarudia aliposimulia jinsi tajiri alivyomtupa Carlotta, yanatoka mdomoni mwa Scottie anapoeleza jinsi Elster alivyomwacha Judy. Ni marudio madogo, hayapigiwi tarumbeta, na yanaunganisha wanaume wa karne mbili kwa mstari mmoja.

Lakini hapa pia naona filamu ikirudisha nyuma kile ilichotoa. Tangu barua tulikuwa na Judy. Juu ya mnara jicho linarudi kwa Scottie. Hasira ni yake, uponyaji ni wake, hata maumivu tunayapima usoni mwake. Judy anajitetea kwa sentensi chache. Mtawa anatokea gizani ghafla, Judy anaona kivuli, anarudi nyuma na kuanguka, na hatupewi anachokiona anapoanguka. Mtawa huyo hakutayarishwa popote. Katika hadithi ambayo kila ua na kila kifungo kimewekwa mara mbili, yeye ni sadfa tupu. Nimejaribu kumtetea, kwa kusema kwamba mpango wote uliojengwa na wanaume wawili lazima uvunjwe na kitu kisichopangwa, na utetezi huo si mbaya. Bado naona mwongozaji aliyetaka kifo kwa sababu mlingano ulidai kifo cha pili, naye akakosa njia ya kukitoa kwa wahusika wake.

Mambo mengine aliyoyaacha wazi hayanisumbui. Katika nusu ya kwanza Madeleine anaingia Hoteli ya McKittrick, Scottie anamwona dirishani, anauliza mapokezi, na mwanamke wa mapokezi anasema hakuja leo, ufunguo wake huu hapa. Chumba ni kitupu, gari halipo tena nje. Barua haielezi hilo, wala hakuna kinachoweza kulieleza isipokuwa njama ya watu wengi kuliko tunaowajua. Hatulikumbuki kwa sababu filamu ilishatuzoesha kuruka, tangu pale ukingoni mwa paa.

Elster hakamatwi. Kwa ajili ya nchi ambazo wachunguzi wa filamu walitaka mhalifu aadhibiwe ilipigwa nyongeza fupi: Midge yuko nyumbani kwake, redio inatangaza kwamba Elster anasakwa Ulaya, Scottie anaingia, wanakunywa bila kuongea. Nyongeza hiyo ipo na inaweza kutazamwa leo. Ina faida moja, kumrudisha Midge, ambaye muundo ulimwondoa kwa ukali. Hasara yake ni kwamba inajibu swali ambalo hakuna aliyekuwa analiuliza tena. Filamu ya kufumbua uhalifu lazima ituambie mhalifu ameishia wapi, lakini hii iliacha kuwa filamu ya namna hiyo pale Judy alipokaa mezani na kalamu. Ndiyo maana toleo lililoshinda kura ya wahakiki ya jarida la Sight and Sound mwaka 2012, likaiondoa Citizen Kane kileleni, ndilo linaloishia na Scottie juu ya mnara na Elster akiwa hajulikani alipo.